Paka Saba na Kizingiti cha Bi Zuhura

Ujumbe wa Hidaya ulikuwa na maneno matano tu: "Bi Zuhura ametutoka. Njoo tumsomee." Nilikuwa kazini, mbele ya kompyuta, na badala ya kulia nikaanza kuwaza nijibu vipi. Niliandika "pole", nikaiona ndogo. Niliandika "poleni sana kwa msiba mzito", nikaona ninajifanya. Nilifuta na kuandika mara nne, mwishowe nikatuma "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun", kisha nikakaa nikijiuliza kama nimechelewa kujibu. Ndivyo nilivyo. Mlango ambao wenzangu huupita bila kuutazama, mimi husimama nikaukagua bawaba. Bi Zuhura ndiye mtu wa kwanza aliyeniona nikisimama hivyo asinicheke, na ndiye mtu niliyemdanganya mara mbili, mara zote mbili kuhusu paka.

Mwaka ninaousema, miaka mingi kabla ya ujumbe huo, ni ule nilipotoka chuoni na shahada ya elimu ya wanyama, nikapata kazi ya muda ya kumsaidia mtafiti, na nikapanga chumba cha chini katika nyumba ya Bi Zuhura huko Mji wa Kale. Ilikuwa nyumba ya mawe ya matumbawe, nyembamba, imebanwa na nyumba mbili nyingine hata jua liliifikia kwa saa moja tu kwa siku. Chumba changu kilikuwa na vidaka ukutani. Wenyewe wa zamani walikuwa wakiweka humo sahani zao za kauri. Mimi niliweka mswaki, chaja na madaftari. Dari ilikuwa ya boriti, na juu ya boriti hizo ndipo alipolala Bi Zuhura, mjane wa miaka sabini na ushei, ambaye alikuwa ameanguka ngazini mwaka uliotangulia na tangu hapo hakushuka tena. Hidaya, mpwa wake, mwanamke wa makamo mwenye mikono mikubwa na moyo mwepesi wa kuogopa, ndiye aliyempikia na kumpandishia chakula. Asubuhi harufu ya mahamri na mbaazi za nazi ilinifikia kabla sijafumbua macho. Kwa wiki nzima ya kwanza sikumwona Bi Zuhura uso. Nilimjua kwa mkongojo wake: hatua tatu na kishindo, hatua tatu na kishindo, mpaka dirishani, kisha kimya kirefu ambacho sikujua mtu anakifanyia nini.

Mtafiti aliyeniajiri aliitwa Dakta Nekesa, mama wa Bungoma aliyekuwa akiishi Ganjoni, mwenye sauti ya mwalimu na viatu vya mtu asiyependa kuketi. Alitaka kujua kama paka wa mitaani hujifunza kuitambua sauti inayotangulia chakula, au huijia harufu peke yake. Siku ya kwanza alinikalisha mkahawani akanipa somo ambalo nilikuwa nimelifanyia mtihani chuoni na kulipasi bila kulielewa. "Kuna kitu unachokibadilisha wewe, kwa mkono wako na kwa makusudi," alisema. "Hicho ni kigeu huru. Halafu kuna kitu usichokigusa. Unakitazama tu kinavyojibu. Hicho ni kigeu tegemezi. Sasa niambie, Maryam, kugonga sahani kwa kijiko ni kipi?"

"Huru."

"Na idadi ya paka watakaokuja kula?"

"Tegemezi."

"Na vitu vingine vyote?"

"Vinabaki vilevile."

"Vikibaki," alinisahihisha. "Dunia haikai ikikusubiri. Ukiona kitu kimebadilika na si wewe uliyekibadilisha, kiandike. Hata kama unakiona cha kijinga."

Basi kila siku, watu wakitoka kuswali alasiri, niliweka sahani mbili za bati zenye vichwa vya samaki kutoka Liwatoni: moja kwenye kizingiti cha nyumba yetu, nyingine mbele ya ghala lililofungwa mwisho wa kichochoro. Siku moja niligonga sahani kwa kijiko mara tano, siku ya pili niliweka kimyakimya. Kisha nikakaa kwenye baraza la jirani na saa yangu, nikahesabu kwa dakika kumi ni paka wangapi wamekula na wa kwanza amechukua muda gani kufika. Kwa sababu niliogopa kubadilisha kitu kingine chochote, nilivaa dera moja la kijani kila siku, nikilifua usiku. Fundi cherehani wa mkabala hakuweza kunyamaza. "Binti, mwezi wa pili huu dera ni lile lile. Lete kitambaa nikushonee jengine, nitie sadaka."

"Ni kwa ajili ya paka, fundi."

"Kwani paka wamekwambia rangi waitakayo?"

Wanywaji kahawa wa kichochoroni wote walicheka, nami nikaandika daftarini: kelele za watu, dakika ya nne. Paka walikuwa saba. Katika majuma yale ya mwanzo walikuja vizuri, wakijipanga kwenye kizingiti kama watoto wa madrasa, na siku za kijiko walikuja upesi zaidi. Bi Zuhura alikuwa akiwatazama kutoka dirishani. Siku moja aliniita juu. Alikuwa mdogo kuliko kishindo chake, ameketi juu ya kitanda cha samadari, leso imemzunguka mabega.

"Masalkheri, Bi."

"Masalkheri, mwanangu. Wewe ndiwe mwenye kuhesabu paka?"

"Ndimi."

"Na wao, je, wakikuhesabu wewe?" Alisubiri nicheke, na alipoona ninaliwaza swali lile kwa dhati, akatikisa kichwa na kunisogezea sahani ya kaimati. Ndipo aliponieleza kwamba wale saba ni wajukuu na vitukuu wa paka waliokula mlangoni pale tangu alipoletwa biharusi. "Mamangu alikuwa akisema, paka wakikataa mlango, mwenye mlango na afunge mizigo yake." Nilimwuliza mizigo ya kuhama au mizigo ya nini. Akaniambia nile, kaimati zapoa.

Siku ya kwanza waliyokataa ilikuwa Jumapili. Niligonga kijiko mara tano na wote saba wakaja, lakini hawakuvuka kichochoro. Walikaa kwenye ukuta wa mkabala, mbele ya duka la fundi, mikia imezungushwa miguuni, nafasi kati yao sawasawa. Hawakuwatazama samaki. Walitazama juu. Nilifuata macho yao mpaka dirisha la Bi Zuhura, nikaona kipande cha leso tu nyuma ya vibao. Ilikuwa saa kumi na nusu, jua jeupe, mtu akikaanga viazi vya karai mahali fulani, na bado nilihisi ngozi ya mikono ikinisisimka. Kisha nikamsikia akizungumza. "Bado," alisema. Akanyamaza, kama mtu anavyonyamaza ili mwenzake apate kujibu. "Nimekwambia bado." Masikio ya paka wote saba yaligeuka mara moja. Hidaya alikuwa jikoni, nilimsikia akikuna nazi. Chumbani hakukuwa na mtu mwingine. Dakika kumi zilipokwisha niliandika sifuri. Nilikwenda kwenye sahani ya ghala, na muda si muda wale wale saba wakanifuata huko wakala mpaka miiba. Jumatatu mambo yakawa vivyo hivyo, sifuri kwetu na saba ghalani.

Jumatatu hiyo jioni nilimwuliza Hidaya jikoni, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama Bi alikuwa na mgeni. "Mgeni gani?" akauliza. Nikamwambia nimemsikia akizungumza na mtu, na kwamba paka hawakula. Hidaya aliuweka upawa juu ya kifuniko polepole sana. Miaka hii yote nimejaribu kuirudisha dakika ile, nimeze swali langu pamoja na mate, nile wali wangu nikalale. Nilidhani nimeuliza tu. Sikujua kwamba hapo ndipo nilipobadilisha kitu kwa mkono wangu.

Kwa wiki mbili na zaidi paka hawakugusa sahani yetu. Sasa hata mkabala hawakukaa. Walipita upande wa pili wa kichochoro wakiwa wameinamisha vichwa, kama watu wanaopita mbele ya nyumba yenye maiti. Fundi aliacha kunitania. Wanywaji kahawa walisogeza viti vyao hatua chache, na nikiketi na daftari langu walisema kwa sauti ya chini ambayo bado niliisikia: nyumba ile ina neno, marehemu mumewe hakuwahi kuondoka, yule bibi aitwa naye. Nami, badala ya kutulia, nilifanya kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hafanyi. Nilibadilisha sahani, nikabadilisha sabuni ya kuioshea, nikavaa dera jingine, nikasogeza saa, yote siku moja. Usingizi ulinipotea. Nilijiuliza kama ni mimi ndiye wanayemkimbia, kama kuna kitu wanakiona nyuma yangu ninapoinama kuweka samaki.

Hidaya alimpigia simu Fuad, mtoto wa pekee wa Bi Zuhura, karani wa bandarini aliyekuwa na fleti Ganjoni na aliyekuja kula na mamake kila Ijumaa. Alikuja, na nilikuwa chumbani kwangu alipozungumza na mamake juu, na boriti hazikunificha neno.

"Mama, mimi sisemi habari za paka. Nasema habari za ngazi. Ukianguka tena nani atakubeba?"

"Ngazi hii nilikushusha nayo ukiwa wa siku arubaini."

"Miguu yako ilikuwa mipya wakati ule. Na Hidaya asema haoni usingizi, ataka kurudi kwao. Utabaki na nani? Na yule binti wa paka?"

Mkongojo ukagonga mara moja. "Kukaa mahali nisipopajua, Fuad, wajua maana yake? Niamke nitafute mlango wa choo kama mgeni?" Kisha akasema jambo ambalo lilinifanya niketi kitandani. "Nipe mpaka Ijumaa ijayo. Siku hiyo paka wakila mlangoni pangu, nakaa, na usiniambie tena habari za ngazi. Wasipokula, njoo na pikapu, nitakwenda bila neno." Fuad, ambaye hakuwa mtu mbaya na ambaye sauti yake ilikuwa imechoka, alikubali. Hivyo ndivyo nyumba ya mtu ilivyowekwa juu ya safu moja ya daftari langu.

Dakta Nekesa alikuja Jumatatu kukagua kazi. Hakufika hata kizingitini. Alisimama katikati ya kichochoro, akaziba pua. "Maryam, ni nini kinachonuka hapa?"

"Wapi?"

"Hapa mlangoni! Kama kitunguu kilichooza na kiberiti."

Nilivuta pumzi na kweli, mwanzoni, sikusikia kitu. Kisha pua yangu ikafunguka kama sikio linavyofunguka baada ya kuingia maji. Mvuje. Ile dawa nyeusi yenye kunata ambayo kila mtoto wa kwetu hufungiwa mkononi ndani ya kitambaa ili jicho baya na vitu vya upepo vimkae mbali. Nimelala nayo tangu utotoni, nimeugua nayo surua. Kwangu haikuwa harufu, ilikuwa hewa ya nyumba yenye mtu anayependwa, na hewa haiandikwi. Tulimwita Hidaya. Alikuja akijifuta mikono, akatazama chini.

"Nimepaka mimi," alisema. "Tangu usiku ule uliponiuliza habari za mgeni. Nilitia kidogo tu kwenye kizingiti. Lakini kesho yake paka hawakuja, nikaongeza. Hawakuja tena, nikaongeza. Kila wasipokuja nilijua kile kitu bado kimo ndani."

Dakta Nekesa hakucheka. Alichuchumaa, akakwangua kizingiti kwa ukucha, akaunusa na kukunja uso. "Mama, paka ana pua kali mara nyingi kuliko yangu, na mimi mwenyewe nimeshindwa kuvuka. Dawa ya kuwarudisha ndiyo inayowafukuza." Kisha akanigeukia. "Wiki mbili, Maryam. Uliandika kelele za wanywaji kahawa. Hili mbona hukuliandika?" Tuliosha kizingiti kwa maji ya moto, ndimu na sabuni ya kipande, mara tatu, mpaka jiwe likawa jeupe. Jumanne walikuja paka wawili. Jumatano, watano. Alhamisi walikuja wote saba, wakala, na mmoja akajilamba miguu pale pale kizingitini kana kwamba hakuna kilichowahi kutokea. Fundi alipiga makofi. Hidaya alilia kwa aibu na furaha, akapika wali wa nazi na mchuzi wa papa, na baada ya magharibi tulikula sote watatu chumbani kwa Bi Zuhura, sinia katikati ya mkeka.

Nilimweleza Bi yote. Alisikiliza akichambua miiba. "Kwa hivyo mvuje wabadilika, paka wajibu," alisema, naye alikuwa ameelewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi chuoni. "Vizuri. Lakini mvuje wa Hidaya ulianza usiku wa Jumatatu."

"Ndiyo, Bi."

"Na Jumapili? Na Jumatatu yenyewe, alasiri? Siku zile mbili, nini kilibadilika?"

Hidaya aliacha kutafuna. Nilikuwa na jibu moja la kweli, nalo ni "sijui". Nililiona limekaa mbele yangu. Niliona pia pikapu, kitanda cha samadari kikiteremshwa vipande vipande, na bibi mdogo akiamka gizani katika fleti asipojua mlango wa choo uko wapi. Neno lile lile aliloniambia Dakta niandike hata likiwa la kijinga, ndilo nililolificha. "Mimi nilichelewa, Bi," nikasema. "Siku zile mbili nilichelewa kuweka samaki. Walikuwa wamekwisha shiba mahali pengine." Alinitazama, akanimegea kipande cha samaki kisicho na mwiba na kukiweka upande wangu wa sinia. Nilikila.

Ijumaa ikafika. Kizingiti kilinukia sabuni tu. Nilipiga magoti nikakinusa mwenyewe, mbele ya watu, bila haya. Samaki walikuwa wale wale, sahani ile ile, dera la kijani, saa ile ile. Niligonga kijiko mara tano. Paka saba walitoka kwenye pembe zao, wakaja mpaka ukuta wa mkabala, na wakakaa. Mikia ikazunguka miguu. Nafasi kati yao ilikuwa sawasawa. Wakanyanyua vichwa kutazama dirisha. Cherehani ya fundi ilikuwa ikilia nyuma yao na haikuwashtua. Nilisubiri dakika kumi, nikasubiri kumi nyingine ambazo utafiti haukuniruhusu, na inzi wakatua juu ya macho ya vile vichwa vya samaki. Ndani ya kifua changu kulikuwa na hesabu ikienda kasi: mvuje hakuna, mgeni hakuna, nimebadilisha nini, nimebadilisha nini. Simu yangu ilitetemeka mfukoni. Fuad alikuwa akingoja.

Nilipanda ngazi. Bi Zuhura alikuwa kitandani, si dirishani, mikono imelala juu ya leso. Mkongojo ulikuwa umeegemezwa mbali naye.

"Wamekuja?" aliuliza.

"Wamekuja, Bi."

"Wote?"

"Wote. Wamekula."

"Alhamdulillahi. Basi niinue, nifungulie vibao, niwaone wakijilamba."

Nilitafuta sababu na sikuipata. Nilimshika kiwiko, tukaenda, na safari ile bila mkongojo nyayo zake hazikutoa sauti yoyote. Nilifungua vibao. Chini yetu paka wale saba walikuwa wamekaa, nyuso juu, na sahani ilikuwa imejaa kama nilivyoiweka. Paka mweupe aliyekaa mwisho alifungua kinywa kama anayelia, lakini sauti haikutufikia. Bi Zuhura aliwatazama muda mrefu. Nilisikia pumzi yake ikienda na kurudi, ndogo, kama ya mtoto aliyelala.

"Siku zile mbili hukuchelewa," alisema.

"Sikuchelewa."

"Nini kilibadilika?"

"Sijui, Bi. Wallahi sijui."

Nilidhani atakasirika, au ataniambia nimsaidie kufunga vitu. Hakufanya hata moja. Alinishika mkono, na kiganja chake kilikuwa baridi mchana ule wa joto. "Ulikuwa ukiniogopea," alisema. "Mimi pia naogopa, mwanangu. Naogopa tangu siku ile ya kwanza paka walipokataa, si kwa ajili yao, ni kwa ajili yangu mwenyewe. Lakini nimewaza. Nikienda Ganjoni sitaacha kuogopa, nitakuwa naogopa katika nyumba ya watu. Kama ni kuogopa, nitaogopea kwangu." Simu ilitetemeka tena. Aliutazama mfuko wangu. "Mjibu."

Niliipokea. Fuad hakusalimu. "Paka wamerudi?"

Nilimtazama Bi Zuhura. "Mwambie kweli," alisema.

"Hawakula," nikasema. "Wamekuja, lakini hawakula."

Alishusha pumzi upande wa pili, pumzi ya mtu aliyepata alichokitaka na hakukifurahia. "Basi nije na pikapu."

"Mwambie aje na njaa yake," alisema Bi Zuhura, karibu na simu ili asikike. "Hidaya apika pilau. Pikapu na airudishe kwa mwenyewe. Sihami kwa neno la paka, wala sikai kwa neno la paka. Mwambie hivyo hivyo."

Nilimwambia hivyo hivyo, neno kwa neno, bila kupunguza wala kuongeza. Fuad akauliza kama kuna haja ya kuleta ndizi. Nilipokata simu Bi Zuhura alikuwa bado ameniegemea, na wale saba chini walikuwa hawajaondoka. Mmoja baada ya mwingine walisogeza vichwa vyao kidogo, wakaacha kumtazama yeye peke yake, wakatutazama sote wawili.